Rangi ya Mama

Jamani, leo nimemupoteza mama kwa burashi yangu mwenyewe.

Alikufa nikiwa mudogo, na hatuna foto yake, basi nikataka kumuchora. Nikachanganya rangi za mafuta, nyekundu, njano na bulu kidogo, vile mwalimu wa Mbarara alitufundisha. Ikatoka ile kahawia yake ninayoikumbuka!

Baba akaja kuangalia.

"Mwanangu, hii ni rangi ya ugonjwa. Kule Kivu alikuwa mwekundu, ngozi ya kungaa."

Kumbe mimi nilimujua hapa kambini Nakivale tu, akiwa mugonjwa.

Nikaongeza nyekundu. Kidogo. Tena kidogo.

"Acha hapo! Ni yeye." Baba akalia sana.

Mimi nikamuangalia yule mwanamuke. Simujui.

Rangi ingali mbichi. Niambieni basi: nimurudishe mama yangu, ao nimuachie baba muke wake?