Aliyeipapasa Skrini

Kila akikaa mbele ya kompyuta, mkata vitambaa wa kiwanda cha nguo huipapasa skrini kwa kiganja cha kushoto, kama anavyonyoosha kitambaa mezani, na mchoro wote wa vipande vya nguo hukimbia kwa kuguswa. "Mama, si shuka hiyo!" hulalamika mwalimu wa kompyuta aliyeletwa na serikali. "Mwanangu, mkono una mazoea yake," naye hujibu, macho hayabanduki. Mashine mpya ya kukatia, inayoongozwa na kompyuta hiyo, ilishafungwa kiwandani, na asiyeweza kuiendesha angefungashiwa virago. Siku ya mtihani aliukalia mkono ule mkaidi, wa kulia ukapanga vipande vya shati kwenye skrini polepole, vikabanana vizuri. Mashine ikanguruma, ikakata. Mwalimu akapiga makofi. Mama akauchomoa mkono uliokufa ganzi, akaukung'uta. "Haya baba, suruali tunajifunza lini?"