Kwenda Kairo na Mama Mkwe

Mume wangu alipoingia nyumbani kwetu Kisauni na kusema amenyimwa likizo, nilimwuliza kwanza kama tikiti zinaweza kurudishwa. Zilikuwa tatu, za kwenda Kairo: yake, yangu, na ya mamake.

"Hazirudishwi," akasema huku akivua viatu. "Nendeni nyinyi wawili. Kwani nyinyi watoto?"

Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Safari ile ilikuwa yake na mamake, mimi nilikuwa mtu wa kuandamana nao tu. Sasa ningekaa wiki nzima chumba kimoja na mama mkwe, katika mji nisioujua, na Kiarabu changu chote ni kile cha kwenye sala.

Mama mkwe alikuwa akiishi Shika Adabu, upande wa Likoni. Alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa Mombasa, mwenye maneno machache na mgongo ulionyooka. Mimi nimezaliwa Changamwe, wazazi wangu walikuja kutoka bara kutafuta kazi, nikasilimu nilipoolewa. Hakuwahi kunisema vibaya. Lakini nikikosea na kusema "hii kiti", alinisubiri nimalize sentensi yangu yote, kisha akasema taratibu, "Kiti hiki," na mazungumzo yakaendelea. Nyumba yetu alikuwa hajaikanyaga tangu mwaka juzi. Tukimwalika hata sikukuu ya Idi, husema "Inshallah", na siku ikifika haji. Nilijua sababu ni mimi. Mume wangu alisema ni umri tu.

Kairo ilimwingia mama mkwe moyoni akiwa mtoto. Babake alikuwa na redio kubwa ya mbao, na baada ya magharibi wakisikiliza matangazo ya Kiswahili yaliyokuwa yakitoka huko. Mtangazaji alikuwa akieleza Mto Naili, misikiti ya kale, na soko lenye vichochoro vya wafua shaba. Mama mkwe aliniambia kwamba alikuwa akiujua mji ule kabla ya kuijua Nairobi.

Basi kila Jumamosi nikawa navuka kwa feri kwenda kwake kupanga. Nilikuwa nimetazama video nyingi mno za Kairo kwenye simu, na kila niliyoitazama ilinizidishia hofu. Magari hayasimami mtu akivuka barabara. Sokoni watu wanakuvuta mkono. Ningemwambia nini mume wangu nikimpoteza mamake katikati ya umati ule?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Haya, nionyeshe."

Namwonyesha picha ya msikiti wenye minara miwili, natarajia asifu. Anaitazama kwa muda mrefu.

"Kutoka hapo hotelini hadi msikiti huu, ni mwendo wa kiasi gani?"

"Si mbali, mama. Kwa teksi, kama hakuna msongamano."

"Na pakiwa na msongamano?"

"Basi tutachelewa kidogo."

"Na msala uko upande gani?"

Sikujua choo cha msikiti ule kiko wapi. Nikamwonyesha mto, mashua zake, majumba ya ukingoni. Akauliza kama mashua zina msala. Nikamwonyesha soko, akauliza vilevile. Nikawaza: ananipima. Anataka kuona kama naujua usafi, kama naweza kumpeleka mtu wa heshima mahali akatawaza ipasavyo. Nikawa narudi Kisauni nikiwa nimechoka. Siku iliyofuata nashinda nikitafuta kwenye simu vyoo vya Kairo, na mume wangu ananicheka.

Tulisikia kwamba majira yale huko kuna baridi, na kwamba mtu hutembea sana kwa miguu. Alihitaji koti na viatu. Akataka nimnunulie nimletee.

"Viatu lazima uvijaribu, mama. Vikikubana huko, tutafanya nini?"

"Chukua kandambili hii, upime kwayo."

"Mama, twende pamoja. Tukivuka tu, maduka yako karibu."

Akaingia ndani, akakawia sana, akatoka amevaa buibui. Nilidhani nimemuudhi, na njia nzima hadi kivukoni nilitembea nyuma yake.

Tuliingia ferini miongoni mwa watu wa kwanza, tukasimama karibu na ukuta wa pembeni. Feri ikajaa, lakini haikuondoka. Meli kubwa ya makontena ilikuwa ikiingia bandarini, na meli ikipita mlangoni pale, feri husubiri. Meli ile ilikuja polepole kama nyumba inayosukumwa. Watu wakatoa simu wakapiga picha. Mama mkwe alinishika mkono juu ya kiwiko, akakaza vidole hadi nikaumia.

"Mama, waumwa?"

"Nyamaza."

Uso wake ulikuwa umetota jasho. Nikafikiri ni moyo. Nikaanza kutazama huku na huku nione kama kuna mtu anayeweza kunisaidia kumlaza, nani atanipisha, mume wangu nimpigie nimwambie nini. Ndipo vidole vyake vikalegea ghafla. Aliinamisha kichwa. Nilipotazama chini niliona maji yakitambaa kutoka chini ya buibui lake, yakielekea kwenye viatu vya kijana aliyesimama mbele yetu na mkoba mgongoni.

Sikufikiri. Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa mkononi. Nikaifungua, nikaimwaga yote juu ya buibui lake, miguu yangu na sakafu.

"Astaghfirullah!" nikapaza sauti. "Nisamehe, mama! Nimekumwagia maji!"

Watu wakageuka. Yule kijana akaruka pembeni. Mama mmoja mnene mwenye kikapu cha mboga akanitazama kwa hasira.

"Na wewe dada, huna macho? Mtu mzima wamrowesha hivyo?"

"Bahati mbaya, mama. Kifuniko kimenitoka."

"Bahati mbaya gani! Watoto wa siku hizi akili zenu ziko kwenye simu."

Mama mkwe aliinua kichwa akanitazama. Kwa kitambo kidogo nilidhani atalia. Kisha akamgeukia yule mama, akasema kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Mwache, ndugu yangu. Ndiye mke wa mwanangu. Nishamzoea." Watu wakacheka, na meli ikamaliza kupita.

Nilitoa mkobani leso yangu ya kujitanda nikamfunga kiunoni. Tulipofika ng'ambo hatukwenda madukani, tulirudi na feri ileile. Nilishika pindo la leso ile kana kwamba namshikilia asianguke.

Nyumbani alioga, akabadilisha nguo, akapika chai. Nilitaka kumsaidia akakataa. Alipoketi hakunitazama, alitazama mlango.

"Ni muda sasa," akasema. "Nikicheka, nikikohoa, nikisimama sana. Nikihisi haja, siwezi kuizuia hata nifike mlangoni. Wadhani siji kwako kwa sababu gani?"

Nikaweka kikombe changu chini.

"Kutoka hapa hadi Kisauni ni feri, ni foleni, ni daraja la Nyali. Ningefika vipi? Nije niharibu viti vya watu?"

"Mama, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwanangu? Mwanamume?" Akasukuma kikombe chake kando. "Wala wewe usimwambie. Na Misri basi. Nimeshaisikia redioni, yatosha."

Ilinipasa nishukuru. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa, na mwezi mzima nilikuwa nikiutafuta. Lakini nilimwona jinsi alivyosema "yatosha", akilainisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi, nikajisikia nikisema, "Hapana, mama. Twende kwanza kwa daktari."

Akakataa. Jumamosi iliyofuata akakataa tena. Mara ya tatu aliuliza kama daktari ni mwanamke, nikasema ndiyo, nikaenda nje nikapiga simu kuhakikisha, maana sikuwa na hakika.

Yule daktari, mwanamke wa makamo, alisema misuli ya nyonga imelegea, jambo linalowapata wanawake wengi waliozaa, na wengi hulificha kama yeye. Akampa dawa na mazoezi ya kubana na kulegeza misuli. Mama mkwe alimsikiliza kama mwanafunzi. Tulipotoka, aliniuliza kwa sauti ya chini pampasi za watu wazima zinauzwa wapi, na kama ni lazima muuzaji ajue ni za nani.

"Nitasema ni zangu," nikamwambia.

Tukapanga safari upya, kutoka msala hadi msala. Nilipiga simu hotelini kuomba chumba chenye choo ndani, na kwa shirika la ndege kuomba viti vilivyo karibu na choo. Makumbusho makubwa tuliyagawa siku mbili. Mume wangu alianza kushangaa kwa nini mamake ananipigia kila asubuhi, nami nikimjibu ni mambo ya makoti. Hofu haikunitoka. Awali nilimwogopa yeye, sasa nikawa namwogopea.

Uwanja wa ndege uko karibu na nilikokulia. Utotoni ndege zilipita juu ya bati letu, na sikuwahi kupanda hata moja. Siku ya kuondoka tulikaa kwenye viti vya chuma tukisubiri kuitwa. Alikwenda msalani, akarudi, akaenda tena.

"Waogopa?" akaniuliza aliporudi.

"Naogopa, mama."

"Hata mimi."

Akanyoosha koti lake jipya magotini.

Kairo ilikuwa na kelele kuliko kwenye video. Siku moja, kwenye vichochoro vya wafua shaba, tulikosa choo, nikaingia dukani nikasema kwa ishara hadi mwenye duka akatufungulia mlango wa nyuma, jasho likinitoka wakati wa baridi. Siku nyingine hatukutoka chumbani kabisa. Msikiti wa minara miwili tuliuona. Mto tuliutazama kutoka ukingoni kila jioni, maana mashua nilikuwa nimeziondoa katika mipango.

Jioni ya mwisho alisimama akasema, "Twende tukapande."

"Mama, mashua hazina msala."

"Najua. Mwambie asiende mbali."

Mwenye mashua alitushika mikono tukaingia. Sikuona kitu mimi. Nilimtazama yeye tu, uso wake, vidole vyake, nikisoma kila dua niliyoijua. Yeye alikuwa ameelekea majumba marefu ya ukingoni, akaniuliza madirisha yote yale husafishwa na nani. Kisha mwenye mashua alisema neno la kuchekesha, nasi hatukulielewa, lakini mama mkwe alicheka kwa sauti, akanishika bega, akaendelea kucheka. Nikamwashiria yule mtu aturudishe.

"Bado kidogo," akasema mama.