Mume wangu anamfunza mama Kiingereza, lakini anayekosolewa ni mimi

Wakuu, habari za leo. Haya nimeyaishi mwenyewe na siongezi chumvi. Nisikizeni kabla sijapasuka.

Mama yangu anafanya kazi ya maua kule Timau, anapanga roses kwa packhouse, chumba baridi cha kupakia maua. Amesimama kwa hiyo baridi tangu nikiwa primary, na sasa magoti yamekataa.

Juzi nafasi ya supervisor ikatokea, kazi ya kukaa kidogo. Interview ni ya Kiingereza. Akikosa, anarudi kusimama.

Basi akachukua leave akaja kwetu Kaaga, kwa sababu mume wangu ni mwalimu wa English.

Shida ya mama ni kuamuru watu. "You must give me tea." "You must repeat." Hana ubaya. Kwetu ukishasalimia mtu vizuri, unamwambia unachotaka na mambo yanaisha. Lakini hiyo "must" ukimpelekea manager, umejimaliza.

Sasa, wenye mmeoa huku mnajua. Mama wa mke hakosolewi. Akitia chumvi mara mbili, unakula na kushukuru. Huyu mume wangu anayetetemesha Form Four nzima, mbele ya mama anaangalia sakafu.

So akatafuta njia yake. Mama akikosea, ananigeukia MIMI.

Mama: "You must open the window."

Yeye: "Mama Mwenda! Nimekuambia mara ngapi? Sema could you! Must ni ya askari!"

Wakuu, huyo Mama Mwenda ni mimi, na nilikuwa nasonga ugali. Sijafungua mdomo.

"May" nimegombezwa. "Would" nimegombezwa. Jioni moja nililazimishwa kurudia sentensi mbele ya mtoto wangu, na mimi nafanya kazi ya ofisi hapa Makutano, barua zote za Kiingereza mimi ndiye huandika. Mama naye ananiangalia kwa huruma: "Kendi, si usikize bwana yako."

Tukiwa wawili nikamwambia mume, si umwambie mwenyewe. Akaniuliza, "Unataka nilaaniwe?"

Nilikasirika sana. Lakini nikameza, kwa sababu hicho Kiingereza changu kililipiwa na hayo magoti.

Siku ya interview mama akapiga simu akilia. Nikajua tumekosa.

Kumbe amepata! Nilikaa chini nikalia pia, sioni haya kusema.

Hadithi ingeishia hapo. Lakini Jumapili mama akasimama kanisani kutoa shukrani. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mkwe wake. Halafu akaomba kanisa limkumbuke binti yake kwa maombi, "anajaribu, lakini hiyo Kiingereza imemkataa kabisa."

Aliyesema amina kwanza, na kwa sauti, ni mume wangu.

Wakuu, niliitwa mbele. Pasta akaniwekea mkono kichwani.

Nilichojifunza: mama yako akifunzwa na mkwe wake, wewe toka hapo, hata kama ni kwenda kulima. Heshima ya wawili hubebwa na wa tatu.

Wenye yamewapata, semeni hapa chini. Na mniandikie kwa Kiswahili, maombi bado hayajajibiwa.