Sauti ya Baba Mdogo Kwenye Makumbusho ya Kibaoni

Habari za kifo cha rafiki yangu mwanamuziki nilizipata kwa simu, kutoka kwa mtu aliyemcheka maisha yake yote, na mtu huyo alikuwa analia. "Kaka, tumepoteza hazina," aliniambia. Jibu lililonijia mdomoni nililimeza, kwa sababu halikufaa kwa siku ya msiba. Sasa msiba umepita, arobaini imepita, na kule Kibaoni, mjini Ifakara, kwenye chumba na ua aliokuwa amepanga marehemu, vijana walioupenda muziki wake wamefungua makumbusho yake. Nimekwenda kuyaona. Kwa hiyo leo, msomaji wangu, nitayasema niliyoyameza siku ile, na atakayekasirika na akasirike.

Kwa ambaye hakumjua, alikuwa mtengenezaji wa muziki wa kompyuta, mzaliwa wa kijiji cha Mchombe, huku kwenye bonde letu la mpunga. Alikusanya sauti za bondeni, akazikatakata, akazipanga upya na kuweka kinanda juu yake, hadi ukajikuta unatikisa kichwa kwa mlio wa pampu ya maji. Mimi nilimfahamia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilimkuta ameinama karibu na mkanda unaozunguka, kinasa sauti kidogo kikining'inia shingoni. Aliponiona akainuka kwa adabu. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba. "Naomba usiongee kidogo," akasema, akainama tena. Nilikuwa sijawahi kusalimiwa na kunyamazishwa kwa pumzi moja, lakini nilitii, na mwendesha mashine naye akatii. Tangu hapo akawa anapita kwangu kila anapofika mjini. Kile kinasa sauti hakukivua. Alikwenda nacho shambani, kanisani na hata misibani, mara nyingi akisahau kukizima, na mkewe alikizoea kama mke anavyozoea kikohozi cha mumewe.

Balaa lilimpata shambani, kwenye mpunga wa shamba alilorithi kwa baba yake. Wakulima wa kwetu wanaujua msimu wa kuamia ndege: mpunga ukishachanua, lazima mtu akae juu ya dungu tangu alfajiri hadi giza liingie, anapiga madebe na kupayuka ili ndege wasitue. Mkewe alikuwa mjamzito na kazi hiyo ilikuwa inammaliza. Basi yule bwana akarekodi madebe na makelele yake, akayapanga kuwa mdundo, akafunga spika juu ya mti na kuiunganisha na betri ya sola. Ndege wakakimbia, wakaenda kutua kwa jirani. Hilo ndilo kosa lake, na silifichi. Kuamia ni kazi ya mashamba yote kwa pamoja. Huyu anawafukuza, yule anawapokea kwa kelele, hadi wote wanatokomea porini. Yeye alileta kelele isiyochoka katikati ya watu wenye koo zinazokauka. Angeambiwa tu, "Kijana, sogeza spika yako na huku kwetu," angesogeza siku hiyohiyo, maana hakuwa mtu wa ubishi. Badala yake walisema mashine yake ni ya uchawi, inaita ndege. Ndege wale, kwelea, walipotua kwa wingi mwaka ule, hukumu ilikuwa tayari kabla kikao hakijaitwa.

Kikao hicho kilifanyika palepale shambani, na aliyekiongoza alikuwa baba yake mdogo, mkubwa wa ukoo tangu baba mzazi alipofariki. Baba mdogo alikivunja kinanda cha marehemu, kilicholetwa pale kama ushahidi, kwa mpini wa jembe mbele ya watu, akatangaza kwamba shamba analichukua yeye. Haikuwa siri. Mchombe nzima ilikuwepo na hakuna aliyefungua mdomo kumtetea. Marehemu akahamia Kibaoni na mkewe, akatafuta kinanda kingine, na katika chumba hicho kimoja akatengeneza muziki uliochezwa Dar es Salaam na ng'ambo wakati nyumbani wakimwita chizi. Shamba hakulipata tena hadi anafukiwa. Mkewe aliendelea kwenda kuomba, kwanza walau kipande cha kulima, na baada ya msiba akaomba lote kwa ajili ya watoto, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kulima. Baba mdogo alimwambia asubiri, mambo ya ukoo hayana haraka. Yaliyokuwa na haraka yalikuwa ya makumbusho, ambako alikubali mara moja kuwa mwenyekiti wa kamati.

Makumbusho yenyewe ni mazuri, nikiri. Kwingine unakatazwa kugusa. Hapa unaambiwa gusa. Ukuta mzima una vitufe, na kila kitufe kina sauti yake: vyura wa masika, mtumbwi unaosuguana na mchanga, mwanamke anayetwanga, mashine ile ya kukoboa. Unachanganya mwenyewe na kupata muziki wako. Mimi nilichanganya vyura na mashine, nikatoa kitu cha ovyo kabisa, watu wakanicheka. Siku ya ufunguzi baba mdogo, aliyekuwa pia mgeni rasmi, alivaa suti, akahutubia. Alisema kijana wao walimlea wenyewe, walikiona kipaji chake mapema, wakampa moyo. Nilimtazama mjane. Alikuwa amesimama kando ya spika, ametulia. Yeye ndiye aliyewakabidhi vijana sauti zote alizoacha mumewe, na yeye ndiye aliyewaelekeza kipi kiwe kitufe cha mgeni rasmi. Kilikuwa kimeandikwa "Kuamia". Baba mdogo akakibonyeza huku akitabasamu.

Madebe yalilia kwanza, watu wakapiga makofi. Kisha ikaja zogo la kikao, na juu ya zogo hilo sauti ya baba mdogo mwenyewe, safi kabisa: "Huyu ana wazimu. Shamba nalichukua mimi. Siku wazimu ukimtoka, nitalirudisha. Mmesikia wote?" Umati ukaitikia ndani ya spika, "Tumesikia." Halafu kinanda kikapigwa, kikatoa mlio mmoja mrefu na kukatika. Wengi walioitikia siku ile walikuwepo na siku hii, na sasa walikuwa wanakagua viatu vyao. Mjane akasogea, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi. "Shikamoo baba," alisema. Baba mdogo akaitikia kwa shida. "Mwenye wazimu amelala, baba. Watoto wake wale pale. Wakague mwenyewe kama wanao huo wazimu." Nilifurahi, msomaji wangu. Nilifurahi kwa furaha ambayo paroko wangu hataisifu, na nikiwa peke yangu bado naikumbuka na kucheka.

Tuna ugonjwa mmoja katika bonde hili, na nadhani haukuanzia hapa wala hautaishia hapa. Mtu akileta jambo jipya tunamtenga, na akifa tunagombania kipaza sauti msibani kwake. Siku hizi zinakuja droni kunyunyizia kwelea dawa, zinalia juu ya mashamba yaleyale, na watu waliosema spika ni uchawi wanazipungia mikono na kuzipiga picha. Hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuogopa. Kusahau huko ndiko kunakonichefua kuliko mpini wa jembe. Mpini ulikuwa hasira ya watu walioliwa mpunga wao, naielewa. Hotuba ilikuwa hesabu ya mtu aliyeshiba.

Haukupita muda baba mdogo akatuma wazee kwa mjane. Walikuja na maneno mawili: shamba analirudisha mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na anaomba ile sauti iondolewe ukutani, maana wajukuu wake wanakwenda kuibonyeza na kumwigiza nyumbani. Mjane aliwapa chai, akawasikiliza hadi mwisho. "Shamba nimelipokea, mwambieni baba nashukuru," alisema. "Lile alilichukua, ndiyo maana ameweza kulirudisha. Sauti hatukumchukulia. Aliitoa mwenyewe mbele za watu." Wazee wakamaliza chai yao wakaondoka. Shamba lilikabidhiwa kama walivyotamka, na msimu huu mjane amelima.

Mimi nami nililetewa ujumbe, na aliyeuleta ni yuleyule aliyenililia kwenye simu. Alitaka niandike kwa upole, niseme yaliyopita yamepita, nimsamehe mzee kwa niaba ya marehemu. Nimelifikiria ombi hilo, na funzo nililolipata ni kwamba sina mamlaka hayo, wala huna wewe unayesoma. Aliyekuwa nayo aliishi Kibaoni miaka mingi, akifahamika hadi nyumba, mlango wake ukiwa hauna hata komeo, na hakuna aliyekwenda kumwomba msamaha.