Kona Isiyo na Sababu

Ofisini walimwita Mama Tepu, kwa sababu mkoba wake haukukosa tepu ya kupimia. Alikuwa mchoraji wa ramani katika idara ya bustani za mji, mwanamke wa makamo, asiye na maneno mengi. Mambo yake yalikuwa yamenyooka. Ndiyo maana wenzake walishangaa kona moja ya njia ya mbao ilipomvuruga akili kiasi kile.

Njia yenyewe ilikatiza kinamasi cha bustani kuu, kutoka langoni hadi kwenye bembea za watoto. Ilikuwa imechoka. Mbao zimeoza kwa chini, misumari imeinua vichwa, na juzijuzi mjamzito mmoja alikuwa ametumbukiza mguu hadi gotini. Mkuu wa idara akamwita Mama Tepu.

"Tunang'oa yote, tunajenga upya. Nichoree njia mpya. Na ile kona ya katikati iondoe, njia iende moja kwa moja. Tutaokoa mbao."

"Sawa, bosi."

Akarudi mezani, akaweka rula, akachora mstari. Kisha akasita. Waliotangulia waliipinda ya nini? Kupinda njia juu ya tope ni kujitafutia kazi ya ziada. Akautafuta mchoro wa zamani kabatini, akakuta mchwa wameshaumaliza.

Kwa bahati, aliyesimamia ujenzi ule alikuwa mjomba wake, ambaye sasa amestaafu na kutwa anabishana na redio. Jumamosi akamfuata nyumbani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mjomba, ile kona ya njia ya bustanini mliiweka kwa nini?"

"Palikuwa na mti," mjomba akajibu papo hapo. "Mti mkubwa. Tukauzunguka."

Mama Tepu akashusha pumzi. Lakini chai ilipofika, mjomba alikuwa bado anasimulia, na mti ulikuwa umeshageuka mwamba.

"Mjomba, ulikuwa mti au mwamba?"

"Vyote vilikuwepo."

Mke wa mjomba, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, akacheka. "Usimsikilize huyo. Walianza kujenga kutoka pande mbili, kila kundi na kamba yake. Walipokaribiana wakaona wanapishana. Ikabidi wapinde ili wakutane."

"Huyu hakuwepo," mjomba akanuna.

"Chakula chenu alikuwa analeta nani?"

Mama Tepu akaondoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Jumatatu akavaa mabuti, akaingia kinamasini na nondo ndefu, akawa anaichoma topeni pale ambapo njia mpya ingepita. Hakugonga mwamba wala kisiki. Tope tu, na chini yake ardhi ngumu, kila mahali vilevile. Alipaswa kufurahi. Badala yake alisimama majini, nondo mkononi, asijue ashike lipi.

Nyumbani hamu ya kula ikamwisha. Mume wake, fundi wa mafriji, alimvumilia mpaka uvumilivu ukamshinda.

"Mke wangu, niambie ukweli. Ni kona au ni mwanamume mwingine?"

"Angekuwa mwanamume ningekuwa nimeshamwelewa."

Ukaja mkutano wa kuwasikiliza wanaoitumia bustani. Mama Tepu akabandika ukutani michoro miwili, mmoja wenye kona na mwingine ulionyooka. Muuguzi aliyezoea kutembea pale kila asubuhi akainuka.

"Kona iacheni. Pale ndipo navuta pumzi."

Jirani yake, ambaye hutembea naye, akamgeukia. "Kona ipi?"

"Ile ya katikati."

"Mbona njia ile imenyooka?"

"Shoga, tunapita wote pale miaka nenda rudi."

"Ndiyo nakwambia, imenyooka."

Ukumbi ukagawanyika. Wengine waliijua kona, wengine waliapa hawajawahi kuiona, na wachache wakaanza kutilia shaka hata walichokuwa na hakika nacho walipoingia. Mama Tepu mwenyewe, alipotoka pale, ilibidi apite bustanini kuhakikisha kwamba kona ipo.

Ilikuwepo.

"Sasa?" mkuu wa idara akamuuliza kesho yake.

"Naomba tuiache."

"Sababu?"

"Sina. Nimeitafuta, sijaipata. Ila kila nikichora njia iliyonyooka, mkono unanigomea. Sijui kwa nini."

Mkuu akaweka kalamu chini. Mwanamke huyu hakuwahi kumletea neno lisilo na kipimo.

"Siwezi kuwaambia madiwani kwamba mkono umegoma," akasema. "Weka hata benchi pale. Tutasema ni mahali pa kupumzikia."

Ikajengwa hivyo, kona pana kidogo, benchi limetazama maji.

Siku ya kuifungua njia, Mama Tepu alimkuta mjomba wake ameshakaa kwenye benchi na mkewe, watu wamewazunguka.

"Kona hii niliiweka mimi," mjomba alikuwa akieleza. "Shabaha ilikuwa benchi tangu mwanzo. Mbao zikatuishia."

Mama Tepu akamchungulia usoni akitafuta utani, hakuuona. Akamgeukia mke wa mjomba.

"Hilo kweli," mke wa mjomba akasema, akijisogeza kumpa nafasi. "Hata mimi nakumbuka."

Mama Tepu akaketi kati yao.