Herufi H ya Darasa la Sokoni

Wiki yake ya kwanza ofisini kwetu sikumpenda, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mimi ni karani wa masijala, mwaka wa ishirini na tisa sasa. Mtu akiingia chumbani kwangu akaanza kuuliza kwa nini majalada yamepangwa kwa tarehe badala ya kwa kituo, siku yangu imeharibika. Yeye aliuliza kabla hata hajakaa. Nikamwambia yamepangwa hivyo kwa sababu yamepangwa hivyo. Akacheka, akasema sawa mama, akaenda zake. Kesho yake akarudi na swali lile lile.

Alikuwa ameajiriwa awe mratibu wa madarasa ya jioni ya watu wazima, vituo kumi na kimoja, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Siku ya tatu tu madereva wa idara wakambandika jina la Bi Taratibu. Ilikuwa dhihaka, maana mwendo wake si wa taratibu hata kidogo. Anapanda ngazi mbili mbili, simu kaibana kwa bega, funguo za vyumba vya watu zinalia mkobani. Mwenyewe alilipenda jina, akawa analiitikia.

Watu wengi hawajui mratibu anafanya nini. Hata mama yake mzazi hakujua. Mama huyo ni fundi cherehani, na kila mteja anayekuja kupimwa alikuwa akiambiwa kwamba binti wa nyumba hii ni mwalimu. Na kweli alikuwa mwalimu, wa darasa la tatu, kwa miaka sita. Lakini shule ile ilikuwa na zamu mbili na madawati ya zamu moja, na kila adhuhuri watoto wanaotoka na wanaoingia walikuwa wanaumizana mlangoni. Yeye ndiye aliyekaa na karatasi yenye miraba, akapanga nani aingie lini na nani atokee mlango upi, na kwa wiki moja vurugu ikaisha. Aliniambia hajawahi kupata raha ya namna ile akiwa mbele ya ubao. Ndipo akaomba kazi kwetu, na mama yake akanuna mwezi mzima kwamba mtoto ameacha ualimu anakwenda kupanga makaratasi.

Siku moja nilimuuliza bila kuzunguka kwamba yeye hasa analipwa kwa kufanya nini. Alinijibu huku anaandika.

"Kuna mwalimu, kuna wanafunzi, kuna chaki, kuna ufunguo wa chumba. Vyote vinatakiwa viwe mahali pamoja saa kumi na moja jioni. Vikikutana, hakuna anayejua kwamba mimi nipo. Kimoja kikikosekana, simu zote ni zangu."

Hapo nilianza kumwelewa, kwa sababu na masijala ni hivyo hivyo. Hakuna anayeikumbuka mpaka jalada lipotee.

Kosa lake lilitokana na jambo zuri. Mwongozo wa walimu wa jioni ulikuwa na kurasa nne ambazo hakuna aliyezisoma, mimi nikiwemo. Akaukatakata ukabaki ukurasa mmoja, na nilimsifu, maana ukurasa mmoja haunijazii jalada. Kuhusu mahudhurio aliandika sentensi moja: "Kila siku mwalimu ajaze herufi ya kwanza ya hali ya mwanafunzi." Kichwani mwake jambo lilikuwa wazi: Y ni yupo, H ni hayupo, R ni ruhusa, M ni mgonjwa. Maneno yenyewe hakuyaandika, kwa kuwa aliona yanajulikana, tena ukurasa ulikuwa umejaa. Mkuu wa idara akatia saini, nikatoa nakala, zikaenda vituoni.

Miezi minane baadaye ukafika wakati wa kuteua watu wa kufanya mtihani. Sharti ni moja tu, mtu awe amehudhuria robo tatu ya vipindi. Karani wa takwimu akajumlisha vitabu vya mahudhurio, na Jumanne asubuhi orodha ikabandikwa ukutani. Darasa la Sokoni halikuwemo. Watu ishirini na watatu wanaosomea kwenye ghala la nyuma ya soko, wote wamekatwa. Kwa hesabu za ofisi, darasa lile halikuwa na watu mwaka mzima, isipokuwa siku chache ambazo kuna waliougua. Karani wa takwimu akasema hilo ni darasa la mizimu wenye homa, na tukacheka, Mungu atusamehe.

Mratibu hakucheka. Alisema amelitembelea mara mbili na mara zote alikuta limejaa. Karani wa takwimu akamjibu kwamba mgeni akitangazwa kila darasa hujaa. Nadhani Mratibu aliamini kidogo, jambo ambalo lilimuuma sana baadaye. Orodha ilitakiwa ifike baraza la mitihani Ijumaa saa tisa alasiri. Atakayekosa hapo angoje mwaka mwingine.

Jumatano tulipofungua tu mlango, akaingia mwashi mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi, saruji bado imemng'ang'ania kwenye kucha. Alikuwa mwanafunzi wa Darasa la Sokoni. Kazini kwake walimwahidi usimamizi wa wenzake, lakini msimamizi huandika taarifa ya kila siku, na mwajiri anataka kuona cheti. Hakufoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kufoka, na upole wake ukanimaliza.

"Mwanangu," alimwambia Mratibu, "mimi sijakosa hata siku moja. Siku tuliyomzika shemeji yangu nilitoka makaburini nikaenda darasani."

Mratibu alimkaribisha kiti, akafungua kitabu cha mahudhurio cha kituo chao, akakigeuza kumwelekea. Alimwambia kwa adabu kwamba baba, kitabu cha mwalimu wenu kinasema vingine. Mzee akatoa miwani mfukoni, akaanza kushuka na kidole kwenye orodha ya majina, jina moja moja, kwa silabi, mpaka akafika kwa lake. Kisha kidole kikaenda kulia.

"H, hudhuria. H, hudhuria. H, hudhuria," akasoma, bila haraka. Akasimama mstari wa chini yake. "Hizi M si zangu, za huyu. M, mtoro. Huyu alikwenda kwao wiki mbili bila kumuaga mwalimu."

Mratibu akamuuliza nani kamwambia H ni hudhuria. Mzee akamshangaa kidogo. Akasema mwalimu wao aliwafundishia herufi hiyo kwenye kitabu hicho hicho, kila mtu akajitafuta jina na kujisomea siku zake, ndiyo maana H hawaisahau.

Mimi, mwenye kusoma na kuandika tangu utoto, nilikuwa nimeiona H ile tangu jana nikasoma hayupo, na mtu aliyeanza kushika kalamu mwaka jana ndiye aliyeisoma sawasawa. Mratibu akaniomba jalada la mwongozo. Akaisoma sentensi yake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara uso ulizidi kumshuka.

"Mama, mwalimu hakukosea," akaniambia. "Nilimwambia aandike herufi ya kwanza, naye kaandika."

Tukaenda kwa Mkuu wa idara, yeye mbele, mimi nyuma na majalada. Mkuu si mtu mbaya, ila anapenda siku zake zipite salama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo lenyewe dogo. Mratibu aandike kwamba mwalimu wa sokoni alijaza kitabu vibaya, mwalimu apewe barua ya onyo, na tuone kama baraza litatusikiliza. Kisha akakumbusha, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, kwamba Jumatatu kamati inakaa kuamua nani athibitishwe kazini, na jina lake limo.

Mwalimu yule ni mstaafu anayefundisha kwa mkataba wa nusu mwaka nusu mwaka. Barua ya onyo maana yake ni kwamba ameshamwaga unga. Hilo nililijua, na bado nakiri kwamba moyoni nilimwombea binti akubali. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona akikimbia ngazi zile, na nilitaka abaki.

"Mzee, mwongozo niliuandika mimi," akasema. "Barua ya kosa nitaiandika, ila itakuwa na jina langu."

Mkuu akasema basi aiandike. Akaongeza kwamba H haiwezi kugeuka mtu kwa maneno matupu, na yeye hatasaini orodha mpaka aone ushahidi kuwa watu wale walikuwepo kila mmoja kwa siku zake.

Ushahidi ulikuwa kwenye madaftari. Mwalimu yule ni wa zamani, hafundishi kitu mpaka kila mtu aandike tarehe juu ya ukurasa. Jioni hiyo tukaenda ghalani. Wanafunzi walikuwa wamekaa juu ya makreti, mwalimu ubaoni. Alipoelezwa kilichotokea alikaa chini akashika tama, akasema anajuta kwamba hakuuliza. Mratibu akamwambia mbele ya darasa zima kwamba aliyetakiwa kuuliza ni yeye Mratibu, si mwalimu. Watu wakaanza kutoa madaftari. Moja lilinuka samaki, jingine mjukuu wa mtu alikuwa amelichora magari mpaka kwenye majina.

Mfagiaji wa soko peke yake ndiye aliyekataa. Daftari alilikumbatia kifuani, akasema humo mna mambo yake, ameanza kuyaandika tangu alipoweza. Nilitaka kumkaripia, maana muda ulikuwa unatukimbia. Mratibu akanizuia kwa mkono. Akakaa naye kreti moja, akamwambia afungue mwenyewe na afunike anachotaka, yeye atahesabu tarehe tu. Wakapitia ukurasa kwa ukurasa, mama yule kaziba maandishi kwa kiganja, tarehe ikabaki nje. Alipomaliza alikuwa na siku sitini na tano kati ya sabini.

Madaftari mengine tulihesabu Alhamisi kwenye meza ya kukatia nguo ya mama yake, kwa kuwa ofisi yetu nzima haina meza ya kutandaza vitu hivyo. Mama mtu alisimamisha cherehani akatuangalia. Akaniuliza mimi, siyo yeye, kwamba kuna nini. Nikamsimulia yote, pamoja na barua. Nilidhani atalia kwamba mtoto anachezea kazi. Yeye akavua tepu shingoni.

"Mimi niliwahi kumkatia bibi harusi gauni fupi," akasema. "Nilimwambia mwenyewe kabla hajalivaa, na nilitamani ardhi inimeze. Leteni yale ya kule, nisome tarehe, ninyi mpige mistari."

Tukafika mwisho kabla jua halijazama. Watu ishirini na mmoja walikuwa wamevuka robo tatu. Wawili walipungukiwa, mmoja wao yule mtoro wa wiki mbili, na Mratibu hakuwaongezea hata siku moja. Ijumaa saa nane na nusu Mkuu alifungua madaftari matano aliyochagua mwenyewe, akahesabu, akasaini. Mimi ndiye niliyepeleka orodha kwa miguu yangu, nikagongewa muhuri wa mapokezi saa tisa kasoro dakika kumi.

Niliporudi nilikuta barua yake mezani, iingie kwenye jalada lake binafsi. Aya tatu, kosa limeelezwa waziwazi, jina chini. Miaka ishirini na tisa sijapoteza karatasi hata moja, ile nilitaka kuipoteza. Jumatatu kamati ingelifungua jalada na kuikuta juu kabisa. Alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na alinisoma kama kitabu.

"Igonge muhuri, mama," akasema. Nikaigonga.

Kamati haikumthibitisha. Haikumfukuza pia, ilimwongezea miezi sita ya majaribio. Alilia nyuma ya rafu zangu, nikamwacha alie, kisha nikamletea chai. Baada ya chai akaomba kalamu, akauandika upya mwongozo, kurasa mbili safari hii, maneno yote kwa urefu wake. Majalada yangu nami nimeyapanga kwa kituo, lakini hilo sijamwambia mtu kwamba ni kwa ajili yake.

Mtihani ulifanyika mwezi uliofuata. Makasha ya vituo yakisharudi, kazi ya kuyafungua na kuhakiki vifaa ni yangu, na lile la sokoni nililiacha mwisho makusudi mpaka Mratibu afike. Ndani mlikuwa na karatasi ya watahiniwa, ambayo kila mtu husaini mbele ya jina lake. Asiyejua kuandika huweka dole gumba, na baraza hutuma pedi ya wino kwa ajili hiyo kila mwaka. Pedi za sokoni nazijua, hurudi zimekauka, vifuniko vimejaa alama za vidole.

Tukainamia karatasi pamoja. Saini ishirini na moja. Mwashi alikuwa ameandika majina yake matatu, la mwisho likavuka mstari likaingia kwenye nafasi ya mfagiaji, naye mfagiaji kajibana pembeni akaandika lake kwa herufi ndogo ndogo. Mratibu alizihesabu kwa kidole, kisha akazihesabu tena. Nikaingiza mkono kashani nikatoa pedi. Ilikuwa bado imo kwenye nailoni yake ya dukani.

Akaniuliza kama walipelekewa nyingine. Nikamwambia hapana, kituo kimoja hupewa pedi moja tu. Aliishika mkononi, machozi yanamtoka, na mimi nikatafuta fomu ya kurudisha vifaa ambavyo havikutumika.