Mgongo wa Baba Mkwe

Moyo wangu ulichagua kunisumbua siku ya soko, tena katikati ya kupatana bei. Nilikuwa dukani kwangu Tunduma, nimeshika pindo moja la kitenge, na mama mmoja mteja kutoka ng'ambo ya Zambia ameshika pindo la pili, kila mmoja akivutia kwenye bei yake. Kifua kikanibana. Nikadhani ni maandazi ya asubuhi. Mkono wa kushoto ukawa mzito, jasho likanitoka na baridi yote ile ya Juni, na yule mama akaachia kitenge akaniita mama kwa lugha ya kwao: "Mayo, kaa chini." Nilimjibu kwamba bei haishuki hata nikikaa. Ndipo nikaanguka, na wenzangu wa sokoni wananitania kwa jibu hilo mpaka leo.

Miaka ile Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, na kesi nzito kama yangu zilipelekwa hospitali kubwa kule Mbeya. Huko nikaambiwa ni shambulio la moyo. Nililazwa hadi hali ikatulia, na siku ya kuruhusiwa daktari, binti mdogo wa pwani mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, akanisomea masharti. Vidonge kila siku bila kuruka. Chumvi kidogo, mafuta kidogo. Kliniki kila mwezi, nije na mtu wa familia. Na kutembea kila asubuhi, taratibu mwanzoni, kisha kuongeza, bila kusimamasimama. Alisema moyo uliojeruhiwa ukikalishwa unazidi kudhoofika, na kwamba wagonjwa wanaorudi nyumbani kujikunja kwenye kochi ndio anaowapokea tena wakiwa na hali mbaya, au asiowaona tena kabisa.

Niliyakubali yote. Hilo la kutembea nililikubali kwa mdomo tu, maana niliogopa. Niliogopa kwamba nitatoka nje, kifua kitabana tena, nami nitakufa kando ya barabara peke yangu huku malori yananipita. Mimi niliyewahi kumfukuza kibaka kutoka sokoni hadi karibu na geti la forodha, nilishindwa kufika kwenye mlango wa uani.

Nyumbani watu walinisaidia kuogopa. Akina mama wa kanisani walikuja kwa zamu, wakapika, wakafua, wakasali, na kila aliyekuja alinikataza kuinuka. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, watatu wanakikimbilia. Waliniletea kuku wanono ambao sikuruhusiwa kuwala walivyopikwa. Mmoja aliyetoka Ivuna aliniletea chumvi ya kwao, zawadi ya heshima kabisa, nikaishukuru huku nikiitazama kama mlevi aliyeokoka anavyoitazama chupa. Watoto wetu walikuwa bweni shuleni. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya Kongo, na kila alipopata mtandao alipiga kuuliza kama ninatembea. Nilimjibu kwamba ninatembea, kwa kuwa kutoka kitandani hadi kwenye kochi nako ni safari.

Wa kwanza kunitoa nje alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeishi mtaa wa pili. Huyu ana moyo mzuri na mdomo mzuri zaidi. Tulipofika kwa jirani wa kwanza alisimama kusalimia, kisha akanionyesha kwa kidole na kueleza kwamba huyu ndiye yule aliyekufa akarudi. Jirani akaleta kigoda. Kwa jirani wa pili tukapewa chai. Kwa wa tatu wifi aliigiza nilivyoanguka, tena kwa ustadi, mpaka na mimi nikajionea huruma. Jua lilikuwa kali tuliporudi, na hatukuwa tumefika kona. Nilirudi kwenye kochi nikiwa nimeshiba na nimeogopa kuliko nilivyotoka.

Hapa lazima nieleze habari za baba mkwe. Alikuwa mkulima wa kahawa kule Isansa, na mkewe alipofariki mume wangu alimleta Tunduma, akamjengea vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu. Katika ukoo wao, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawasemeshani. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshalegeza mambo hayo, lakini yetu haikulegeza, na mimi sikuona ubaya, maana nina marafiki wanaosemeshwa na wakwe zao kutwa nzima na hawana raha. Chakula chake nilikiweka kwenye kigoda mlangoni, nikakohoa, nikaondoka. Kwa miaka yote ile mzee yule nilimjua kwa mgongo: koti la kahawia, kofia, na fimbo.

Alipokuwa na neno la kuniambia, alimwambia mbwa.

"Mbwa," angesema akiwa nje ya dirisha langu, "banda la kuku linavuja. Sijui kama wenye nyumba wanajua." Nami nikiwa ndani ningemjibu mbwa kwamba fundi anakuja Jumamosi. Mbwa, ambaye hakuwa na jina jingine, alisikiliza pande zote mbili bila upendeleo, akapiga miayo.

Basi siku chache baada ya matembezi ya wifi, nikasikia kikohozi dirishani. "Mbwa," alisema mzee, "kesho kukipambazuka mimi ninatembea. Ninavuka reli, ninafika kwenye mashamba ya mahindi, ninarudi. Nitakwenda polepole. Kama kuna mtu nyuma yangu siwezi kujua, maana mimi sigeuki."

Nilinuna. Nilimwambia mbwa kwamba wengine ni wagonjwa na asubuhi kuna baridi. Usiku mzima nilijiandaa kukataa, na asubuhi nikajikuta nimejifunga kitenge nimesimama mlangoni. Daktari ningemdanganya, mume nilishamdanganya. Lakini baba mkwe hakuwa ameniuliza chochote, kwa hiyo sikuwa na pa kuweka uongo wangu.

Tulikwenda hivi: mzee mbele, mimi nyuma kwa umbali wa heshima, mbwa katikati. Watu waliotaka kutusimamisha aliwasalimia yeye kwa niaba yetu wote, huku anatembea, na kwa umri wake hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Nikawa ninapita nyuma yake nimeinamisha kichwa kama mkwe anayejua adabu, na hakuna aliyeniletea kigoda. Mtaani walianza kunong'ona. Wengine walisema nimeiba nyumbani ninapelekwa kwa mtendaji. Wengine wakasema mzee amerogwa ndiyo maana ninamfuata. Wifi yangu alizikanusha habari hizo nyumba kwa nyumba, na ndivyo zilivyofika hata kule zilikokuwa hazijafika.

Siku ya kwanza nilisimama kila baada ya hatua chache, nimeshika kifua. Kila niliposimama, mgongo ule nao ulisimama. Haukugeuka. Ulingoja tu, fimbo imekita chini, mpaka nianze tena. Nilishangaa anajuaje, kisha nikagundua anasikiliza ndala zangu, zile zinazopiga kisigino. Daktari aliposema nivae viatu vya kufunga, nikanunua raba za mtumba, laini kabisa, na asubuhi hiyo mzee akasimama kabla hata ya kufika reli.

"Mbwa," alisema, "viatu hivi havisemi kitu."

Nilirudi ndani, nikachukua funguo za duka. Duka lilikuwa limefungwa tangu nianguke na funguo zilikuwa zinakaa tu juu ya kabati. Nikazifunga kwenye pindo la kitenge. Nilipotoka zikawa zinalia kwa kila hatua, na koti la kahawia likaanza kusogea. Kuanzia siku hiyo nilitembea na funguo za duka nisiloruhusiwa kulifungua, na nakiri zilinipa hamu ya kulifungua.

Mwezi mmoja wifi, aliyekuwa akinisindikiza, alipatwa na malaria siku ya kliniki, na mume wangu alikuwa Lubumbashi. Wa familia aliyebaki alikuwa mmoja tu, baba mkwe. Tulipanda basi la Mbeya, yeye kiti cha mbele karibu na dereva, mimi cha nyuma kabisa, na mbwa akabaki stendi akitutazama. Tulipopita Vwawa ndipo nilipotambua kwamba tumemwacha mkalimani wetu.

Daktari akatuita wote wawili ndani. Mzee alisita mlangoni, akaingia, akageuza kiti kikatazama dirisha, akakaa. Daktari aliniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna ugomvi. Nikamweleza desturi, nikamweleza na habari za mbwa. Alijikaza asicheke, akanipima, akafurahia alichokiona, kisha akamgeukia mzee kumuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Nilidhani atasema hajui. Mzee akakohoa, akaliambia dirisha kila kitu.

"Mwanzoni funguo zilikuwa zinalia, zinanyamaza, zinalia, zinanyamaza," alisema. "Siku hizi zinalia mpaka nyumbani. Penye reli anahema kidogo kukiwa na baridi, halafu anatulia. Vidonge anameza, nasikia anavyomimina maji. Chumvi ameacha. Na mimi nimeachishwa, wala sikuulizwa."

Daktari akamuuliza kwa upole kwa nini ajitese hivyo kila asubuhi na umri wake, wakati kijana yeyote wa mtaani angeweza kunisindikiza. Mzee aliizungusha fimbo yake mkononi.

"Mke wangu alikalia jiwe njiani akitoka shamba," alisema. "Watu walimpita, wakamsalimia, wakadhani anapumzika. Mimi nilikuwa mbele, nimeshafika nyumbani, naulizia chakula." Akaikita fimbo sakafuni, akamalizia, "Huyu akianguka nitasikia."

Nililia pale pale, na sikujificha. Nilikuwa nimeishi karibu na mtu huyo miaka mingi nikidhani nampa chakula na yeye ananipa kazi za kumwita fundi. Niliogopa kufa peke yangu njiani, na wala sikuwa nimemwambia mtu hofu hiyo, hata mbwa.

Nilipopata sauti niliitumia vibaya, kama kawaida yangu. Nilimwambia daktari ampime presha na mzee, kwa kuwa nimemsikia akihema penye mwinuko. Mzee naye akamwambia daktari kwamba waliokuja kupimwa ni wengine. Daktari akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo leo mbwa ni mimi," alisema.

Akampima. Presha yake ilikuwa juu kuliko yangu. Mzee alisema mashine imechoka, akapewa vidonge, na tulirudi Tunduma tukiwa wagonjwa wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mbwa alitupokea stendi.

Duka nililifungua tena, nusu siku kwanza, kisha kutwa. Vitenge nikaviacha vibebwe na wengine, jambo lililonigharimu heshima nyingi, kwa kuwa sijui kutazama mtu akikunja kitenge vibaya nikanyamaza. Lakini kila asubuhi kabla ya duka tulitembea. Mwaka uliofuata nikaanza kuona kwamba mwendo wa mzee unapungua. Daktari alitaka nitembee mpaka jasho linitoke, na nyuma ya mgongo ule jasho lilikuwa halitoki tena. Ningeweza kumpita. Sikumpita. Nilijiambia ni heshima, na ilikuwa heshima, lakini zaidi ilikuwa woga. Mgongo ule ndio ulionitoa kwenye kochi. Ukiwa mbele yangu nilijua sitakufa peke yangu, na nikiiwaza njia tupu mbele yangu nilitaka kurudi ndani nifunge mlango.

Asubuhi moja, tulipokwisha kuvuka reli, alisimama kabla yangu. Akatoka njiani, akaingia kwenye mahindi, akanipa mgongo kana kwamba anakagua shamba la mtu. Mbwa akakaa katikati ya njia.

"Mbwa," alisema mzee, "mwambie mama wa wajukuu wangu apite. Mimi nitafuata funguo."

Nilimtazama mbwa, naye akanitazama. Niliinamisha kichwa, nikapita. Mbele hapakuwa na koti wala kofia, palikuwa na ukungu na njia, na kwa mbali malori yaliyopanga foleni ya mpaka. Moyo ulinipiga sana, nikauacha upige. Nilikaza mwendo, funguo zikalia, na baada ya kitambo nikasikia nyuma yangu fimbo ikigonga ardhi, taratibu, ikinifuata.

Penye mwinuko fimbo ikanyamaza. Nikasimama. Sikugeuka, maana kwetu hatugeuki. Nilingoja pale kwenye baridi, nimeshika funguo mkononi ili zisilie, nikisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu maishani mwangu. Kikohozi kikaja, halafu fimbo. Nikaziachia funguo, tukaendelea.